Ufahamu na Ufupisho: Kiangazi Bandarini Copenhagen

Katika Karatasi ya Pili ya Kiswahili, ufahamu una alama 15 na ufupisho una alama 15. Hizo ni alama 30 kati ya 80, na majibu yake yote yako mbele yako kwenye karatasi ya mtihani. Huhitaji kukariri lolote. Hata hivyo, kila mwaka watahiniwa wengi hupoteza alama hapa kwa sababu mbili: wanajibu kutokana na mambo wanayoyajua wao badala ya yaliyomo katika kifungu, au wananakili sentensi nzima bila kuteua hoja.

Katika somo hili utasoma kifungu kuhusu jiji ambalo pengine hujalifikia. Tumechagua jambo la mbali makusudi. Usipolijua jambo, utalazimika kutegemea kifungu, na hiyo ndiyo tabia unayopaswa kwenda nayo katika chumba cha mtihani. Katika mtihani, ufahamu na ufupisho huwa na vifungu viwili tofauti. Hapa tutatumia kimoja kwa kazi zote mbili.

Soma kifungu mara mbili. Mara ya kwanza soma upesi ili upate wazo kuu. Kisha soma maswali. Mara ya pili soma polepole ukiwa na kalamu, na upige mstari chini ya sehemu zinazojibu maswali.

KIFUNGU

Aya ya 1. Ukifika Copenhagen, mji mkuu wa Denmark, mwishoni mwa mwezi wa Juni, jambo la kwanza litakalokushangaza ni jua. Huchomoza mwendo wa saa kumi na nusu alfajiri, na inapofika saa tatu na nusu usiku bado halijatua. Mchana hudumu takribani saa 17 na nusu. Hii ni kwa sababu jiji hilo liko mbali kaskazini mwa ikweta, kwenye latitudo ya nyuzi 55 na zaidi, na wakati huo ncha ya kaskazini ya dunia huwa imeinama kuelekea jua. Mwezi wa Desemba mambo hugeuka. Mchana huwa wa saa saba tu, na wengi huenda kazini gizani na kurudi nyumbani gizani. Ndiyo maana kiangazi kinapofika hakuna anayetaka kukaa ndani. Bustani hujaa watu, familia hulia chakula nje, na vijana hukaa kando ya maji wakiota jua.

Aya ya 2. Sherehe kubwa ya msimu huo hufanyika jioni ya tarehe 23 Juni, mkesha wa sikukuu ya Yohana Mbatizaji. Watu wa Denmark huiita Sankt Hans, yaani Mtakatifu Yohana. Hukusanyika ufuoni na katika bustani, wakawasha moto mkubwa wa kuni. Mtu mmoja hutoa hotuba, kisha umati huimba wimbo wa kuipenda nchi ambao maneno yake yaliandikwa na mshairi Holger Drachmann mwaka wa 1885. Mara nyingi juu ya kuni huwekwa sanamu ya mchawi wa kike iliyotengenezwa kwa nyasi kavu na nguo kuukuu. Husemwa kwamba moto humrusha mchawi huyo hadi Bloksbjerg, mlima ulioko Ujerumani. Hata hivyo, wapo wasiopendezwa na sanamu hiyo. Wao hukumbusha kwamba katika karne ya 16 na ya 17 watu halisi, wengi wao wanawake, walichomwa moto nchini humo kwa kushukiwa uchawi.

Aya ya 3. Siku za joto wakazi huelekea bandarini kuogelea. Mahali panapojulikana zaidi ni Islands Brygge, mtaa ambao zamani ulikuwa wa viwanda na maghala. Hapo pana mabwawa matano, mawili yakiwa ya watoto, pamoja na mnara wa kupigia mbizi. Mabwawa haya hayajazwi maji ya bomba. Ni sehemu ya bandari yenyewe iliyozungushiwa sakafu ya mbao inayoelea, na maji yake ni ya chumvi. Hakuna kiingilio, na wakati wa kiangazi waokoaji huwa zamu. Mwanafunzi, mstaafu, mwenye mali na asiye na mali wote huruka ndani ya maji yale yale, katikati ya jiji, wakati wa mapumziko au baada ya kazi.

Aya ya 4. Furaha hiyo haikuja bure. Katika miaka ya 1950 maji ya bandari yalikuwa machafu kiasi kwamba kuogelea kulipigwa marufuku. Viwanda vilimwaga taka humo. Isitoshe, mabomba ya jiji yalibeba majitaka ya nyumbani pamoja na maji ya mvua. Mvua kubwa iliponyesha mabomba yalijaa, na mchanganyiko huo ukafurika hadi bandarini. Kufikia mwaka wa 1995 palikuwa na mifereji 93 iliyomwaga uchafu bandarini na katika fukwe za karibu. Vizazi viwili viliishi kando ya maji ambayo havikuweza kuyaingia.

Aya ya 5. Serikali ya jiji iliamua kuirudisha bandari kwa wananchi. Ilijenga matangi makubwa chini ya ardhi ili mvua ikinyesha, maji ya mvua na majitaka yahifadhiwe humo badala ya kufurika. Mvua ikitulia, maji hayo husukumwa hadi kwenye mitambo ya kuyasafisha. Kutokana na hatua hiyo, mifereji 55 kati ya ile 93 ilifungwa. Mitambo yenyewe iliboreshwa, na viwanda vikadhibitiwa visimwage taka ovyo. Pia pakaundwa utaratibu wa kufuatilia ubora wa maji na kuwajulisha wananchi yanapochafuka. Mwaka wa 2002, bwawa la kwanza la bandarini lilifunguliwa Islands Brygge, na watu wakaanza tena kuogelea.

Aya ya 6. Hata hivyo, kazi haijaisha. Tarehe 2 Julai 2011 mvua kubwa isiyo ya kawaida ililifurikia jiji kwa saa chache, mabarabara yakajaa maji. Hadi leo, mvua kubwa ikinyesha majitaka yanaweza kufurika tena, na sehemu za kuogelea hufungwa mpaka maji yawe salama. Hatari nyingine zipo pia. Bandari hupitiwa na vyombo vya majini, kwa hivyo ni lazima kuogelea katika sehemu zilizotengwa tu. Maji nayo ni baridi: hata katikati ya kiangazi huwa karibu nyuzi 17 hadi 20 za selsiasi, na baridi hiyo huchosha misuli upesi. Wazazi huwafunza watoto mapema kwamba maji hupendwa na huogopwa kwa pamoja.

MASWALI YA UFAHAMU (Alama 15)

(a) Kwa nini wakazi wa Copenhagen huthamini sana kukaa nje wakati wa kiangazi? (alama 2)
(b) Eleza jinsi mkesha wa Sankt Hans unavyoadhimishwa. (alama 3)
(c) "Furaha hiyo haikuja bure." Onyesha ukweli wa kauli hii ukirejelea hali ya bandari kabla ya kusafishwa. (alama 3)
(d) Mvua kubwa huathiri vipi uogeleaji bandarini siku hizi? (alama 2)
(e) Taja hatari mbili, mbali na uchafu, zinazomkabili mwogeleaji bandarini. (alama 2)
(f) Kwa nini baadhi ya watu hawapendezwi na sanamu ya mchawi? (alama 1)
(g) Eleza maana ya maneno yafuatayo kama yalivyotumiwa katika kifungu: (alama 2)
 (i) mkesha
 (ii) kulipigwa marufuku

Funika sehemu inayofuata kwa karatasi. Jibu maswali yote kwa dakika 25, kisha urudi hapa.

TUJIBU PAMOJA

Swali (a). Alama ni mbili, kwa hivyo tafuta hoja mbili. Mtahiniwa mmoja anaweza kuandika: "Kwa sababu hawajazoea jua kama sisi." Jibu hilo linaweza kuonekana la busara, lakini halipati alama. Kifungu hakimtaji mtu anayeitwa "sisi". Jibu linalopata alama ni hili: Wakati wa kiangazi mchana huwa mrefu, takribani saa 17 na nusu (alama 1), ilhali wakati wa baridi mchana huwa wa saa saba tu na watu huenda kazini na kurudi gizani (alama 1).

Swali (b). Neno "eleza" halitoshelezwi na orodha ya maneno matupu kama "moto, hotuba, wimbo". Andika sentensi. Watu hukusanyika ufuoni na bustanini na kuwasha moto mkubwa. Mtu hutoa hotuba. Umati huimba wimbo wa kuipenda nchi. Sanamu ya mchawi huchomwa. Hoja ziko nne, na alama ni tatu. Hoja tatu zilizo kamili zinatosha. Usipoteze muda kuandika ya nne ikiwa bado una maswali mengine.

Swali (c). Hili ndilo swali linalowaangusha wengi. Wanaona maneno "haikuja bure" na kukimbilia aya ya 5, wakaeleza matangi na mitambo. Soma swali tena: linasema "hali ya bandari kabla ya kusafishwa". Hoja zote ziko katika aya ya 4. Kuogelea kulipigwa marufuku kwa sababu ya uchafu (alama 1). Viwanda vilimwaga taka bandarini (alama 1). Majitaka yaliyochanganyika na maji ya mvua yalifurika kupitia mifereji hadi bandarini (alama 1). Kabla ya kujibu, zungushia duara maneno yanayoweka mpaka wa swali, kama vile "kabla ya", "mbali na", "siku hizi" na "ukirejelea".

Swali (d). Maneno "siku hizi" yanakupeleka kwenye aya ya 6. Mvua kubwa inaweza kufanya majitaka yafurike tena bandarini (alama 1). Kwa hivyo sehemu za kuogelea hufungwa hadi maji yawe salama (alama 1).

Hapa pana mtego mwingine. Huenda mtaani kwenu upo mto unaonuka kila mvua inaponyesha, na ungependa kuusema. Uchungu huo ni wa haki, na mahali pake ni katika Karatasi ya Kwanza, ya insha, ukipewa mada inayohusu mazingira. Katika ufahamu, mtahini anapima kama umeelewa kifungu. Hata maelezo yaliyo ya kweli hayapati alama ikiwa hayamo.

Swali (e). "Taja" huhitaji jibu fupi. Vyombo vya majini vinavyopita bandarini (alama 1). Maji baridi yanayochosha misuli upesi (alama 1). Aliyeandika "majitaka" hakuona maneno "mbali na uchafu".

Swali (f). Si kwa sababu "uchawi ni dhambi" wala "ni mila mbaya". Kifungu kinasema sanamu hiyo hukumbusha watu halisi, wengi wao wanawake, waliochomwa moto zamani kwa kushukiwa uchawi (alama 1).

Swali (g). Msamiati huelezwa kwa muktadha. Neno "mkesha" umelisikia katika mkesha wa maombi, na pengine uliandika "kukaa macho usiku kucha". Katika kifungu hiki hakuna aliyekaa macho usiku kucha. Neno lina maana ya jioni au usiku wa kuamkia sikukuu (alama 1). "Kulipigwa marufuku" ni kulikatazwa (alama 1). Ukitaka kujua kama jibu lako ni sahihi, lirudishe katika sentensi mahali pa neno lenyewe. "Kuogelea kulikatazwa": sentensi inasimama. Angalia pia kwamba jibu limebaki katika wakati uliopita kama neno la awali. Aliyeandika "kukataza" amebadilisha umbo la neno.

UFUPISHO

Swali: Kwa kurejelea aya ya 5, eleza hatua zilizochukuliwa kuifanya bandari ya Copenhagen iwe safi. Tumia maneno 45 hadi 50. (alama 7, 1 ya mtiririko)

Alama saba, moja ikiwa ya mtiririko, maana yake unatafuta hoja sita. Anza na matayarisho. Usiandike sentensi bado. Andika hoja kwa ufupi:

1. Matangi chini ya ardhi kuhifadhi maji ya mvua na majitaka.
2. Mvua ikitulia, maji kusukumwa kwenye mitambo ya kusafisha.
3. Mifereji 55 kati ya 93 kufungwa.
4. Mitambo kuboreshwa.
5. Viwanda kudhibitiwa.
6. Ubora wa maji kufuatiliwa, wananchi kujulishwa.

Sasa tazama tulichoacha. Sentensi ya kwanza ya aya, "Serikali ya jiji iliamua kuirudisha bandari kwa wananchi", inaeleza nia. Haielezi hatua yenyewe. Sentensi ya mwisho, kuhusu mwaka wa 2002, inaeleza tokeo. Swali limeuliza hatua, kwa hivyo sentensi hizo mbili zinaachwa, ingawa ya mwisho ndiyo inayopendeza zaidi kuisoma. Kufupisha ni kuacha vitu vizuri ambavyo havikuulizwa.

Kisha andika nakala safi, kwa aya moja, ukiunganisha hoja:

*Jiji lilijenga matangi chini ya ardhi ya kuhifadhi maji ya mvua na majitaka hadi mvua itulie. Baadaye maji hayo husukumwa kwenye mitambo ya kusafishia. Hivyo, mifereji 55 kati ya 93 iliyomwaga uchafu majini ilifungwa. Mitambo yenyewe iliboreshwa na viwanda vikadhibitiwa. Aidha, ubora wa maji hufuatiliwa na wananchi hujulishwa yanapochafuka.*

Hesabu maneno: ni 49. Nambari kama 55 na 93 kila moja huhesabiwa kuwa neno moja. Ukizidisha idadi uliyopewa, hoja zilizo nje ya idadi hiyo huenda zisisomwe, na huenda hoja ya sita ndiyo iliyobaki nje. Angalia pia viunganishi: "Baadaye", "Hivyo", "Aidha". Hivyo ndivyo vinavyokupa alama ya mtiririko. Orodha yenye nambari, kama ile ya matayarisho, haina mtiririko hata kama hoja zote zimo.

Matayarisho yapige mstari mmoja wa kuyakata ukimaliza, ili mtahini ajue ni ipi nakala safi.

MAKOSA YA KUEPUKA

- Kujibu kabla ya kusoma kifungu mara ya pili.
- Kunakili aya nzima ukitumaini jibu limo ndani yake. Mtahini hatakuteulia hoja.
- Kuandika hoja moja mara mbili kwa maneno tofauti. "Maji yalikuwa machafu" na "bandari haikuwa safi" ni hoja moja.
- Kutumia "nadhani" au "kwa maoni yangu" mahali ambapo maoni yako hayakuulizwa.
- Makosa ya hijai na sarufi. Unaweza kuwa na hoja sahihi ukapunguziwa alama kwa kuandika "majii", "wanaongelea" badala ya "wanaogelea", au "bwawa mitano" badala ya "mabwawa matano".

ZOEZI LA KUFANYA PEKE YAKO

1. Fupisha aya ya 2 kwa maneno 40 hadi 45, ukieleza jinsi sherehe ya Sankt Hans inavyofanywa. (alama 6, 1 ya mtiririko) Tahadhari: je, mjadala kuhusu sanamu ni sehemu ya jinsi sherehe inavyofanywa?
2. Andika kichwa kinachofaa kwa kifungu hiki kwa maneno yasiyozidi matano, kisha ueleze kwa sentensi moja kwa nini kinafaa kifungu chote wala si aya moja tu.
3. "Maji hupendwa na huogopwa kwa pamoja." Fafanua kauli hii kwa kutumia ushahidi kutoka aya ya 3 na aya ya 6. (alama 4)

Ukimaliza, badilishana daftari na mwenzako. Kila mmoja asahihishe kazi ya mwingine akiwa na kifungu mkononi, na kwa kila hoja amwulize mwenziwe: "Hii umeitoa aya gani?" Asiyeweza kuonyesha aya, ajipe sufuri kwa hoja hiyo na ajibu upya.